Ukuta Ndani ya Diski

Diski ya zamani ilianza kugonga Jumatatu. Kidogo tu, tik, tik, kama mgeni anayebisha hodi huku akiona aibu. Jumanne ikabisha kama mgambo. Kufika Jumatano jioni Sesilia Mayala, mpiga video ambaye soko zima la Mhunze, wilaya ya Kishapu, linamwita Mama Davis, alikuwa ameshampigia fundi Gregory wa Shinyanga mjini mara sita. Mara zote sita fundi alimwambia neno lile lile: nunua diski mpya, hamisha kila kitu, na hiyo mgonjwa usiiwashe tena mpaka uwe tayari kabisa, maana hujui imebakiza kuamka mara ngapi.

Alhamisi asubuhi diski mpya ikashuka na basi la kwanza, imeviringishwa gazeti na kufungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Tera mbili. Nyeusi, nyepesi, inaenea kiganjani. Sesilia aliipokea kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto wa watu.

Kosa lake lilikuwa simu. Alimpigia Gregory kumwambia mzigo umefika, na Sesilia akiongea na simu huongea kana kwamba Shinyanga inamsikia bila mtandao. "Nitaigawa patisheni tatu!" alipaza sauti katikati ya soko. "Wagika kwao, Wagalu kwao, harusi na kwaya kwao!" Muuza dawa za mifugo wa jirani alisikia. Mwenye friji la soda akasikia. Baada ya hapo kulikuwa hakuna haja ya gazeti.

Pale Kishapu, pamba ikishaingia ghalani, watu hawaulizani dini wala chama. Wanaulizana wewe Mgika au Mgalu. Ni makundi mawili ya ngoma, na uhasama wao ni wa zamani kuliko barabara. Siku ya mashindano hakuna jaji, hakuna alama, hakuna kamati ya kula posho. Viwanja viwili vinatengwa bega kwa bega, ngoma zinaanza kwa wakati mmoja, na watazamaji wako huru kuhama. Jua likizama, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Upande uliokimbiwa unarudi nyumbani ukisema umerogwa.

Katikati ya viwanja hivyo viwili, juu ya paa la toyo la magurudumu matatu, ndipo Sesilia alipopatia jina. Alianza na harusi. Wanaume wakamwambia kamera ni kazi yao. Akawauliza wao kamera wanaishika na kiungo gani ambacho yeye hana. Baba yake alikuwa Mgika, mama yake katoka nyumba ya Wagalu, na msimu wa ngoma ukifika nyumbani kwao wazazi walikuwa wanasalimiana kupitia watoto. Kwa hiyo alijua mapema kwamba mtu anayesimama katikati anatakiwa asimame kweli. Sheria yake ilikuwa moja: dakika tatu kamera inatazama Wagika, dakika tatu inatazama Wagalu, saa iko mkononi, haongezi wala hapunguzi. Mumewe, Baba Davis, yuko Mwakitolyo chini ya ardhi anatafuta dhahabu. Akipata atarudi, asipopata atarudi vilevile, ila kwa miguu. Basi kilichokuwa kinalisha nyumba ni ile imani ya makundi mawili kwamba mama huyu haegemei.

Misimu tisa ya imani hiyo ilikuwa ndani ya diski inayogonga.

Na ndani ya misimu hiyo tisa kulikuwa na faili moja la dakika arobaini na moja. Manju Makoye wa Wagalu, mwimbaji ambaye akinyanyua mkono hata ng'ombe walikuwa wanaacha kula, alicheza mara yake ya mwisho mbele ya kamera ya Sesilia. Mvua zilizofuata akafa kwa malaria, ingawa Wagalu wanasema Wagika walimroga. Hakuna video yake nyingine inayoeleweka. Zilizobaki ni za simu, zinaonyesha vumbi na kisogo cha mtu. Jumamosi hii, ufunguzi wa msimu, Wagalu walikuwa wamepanga kutundika shuka jeupe na kumwonyesha manju wao kwa watu wote, ndipo wamtangaze mrithi. Nakala ya Makoye ilikuwa moja tu duniani. Sesilia alikuwa akisema kila mwezi ataitoa nakala ya pili. Kila mwezi ulikuwa na harusi.

*

Alikuwa amefungua kompyuta, diski mpya imechomekwa, ya zamani bado iko mezani imelala kimya, mlango ulipoingia giza. Watu wawili walikuwa wamefika kwa pamoja na hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake.

"Mwangaluka, mayu," alisema wa kwanza kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama. Mzee Amosi, mdogo wake marehemu Makoye, koti zito katika joto lile, mkono wa kulia mfukoni.

"Mwangaluka, baba. Karibu. Shikamoo."

"Marahaba."

Wa pili alikuwa Onesmo, manju wa Wagika, mtu wa miaka arobaini na kitu, shingo kama mti wa nguzo. Alimtazama Amosi, akatazama dari, kisha akatoa shikamoo yake kama mtu anayelipa faini. Amosi akaipokea kama mtu anayeihesabu.

"Mama Davis," Onesmo alianza kabla hajakaa, "tumesikia una nyumba mpya."

"Nina diski, kaka Onesmo. Nyumba nimepanga."

"Diski, nyumba, yote sawa. Nyimbo zetu zinalala humo. Mimi nimekuja kuona zinalala na nani."

"Na mimi hicho hicho," alisema Amosi.

Sesilia akapumua. Aliwaeleza kwa upole, kama anavyoeleza bei kwa bibi harusi. Nyimbo hazilali. Kila upande utakuwa na patisheni yake, na patisheni ni kama chumba, mlango wake mwenyewe, jina lake mlangoni. Akawageuzia kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na upau mrefu, mtupu, unaosubiri kugawiwa, na namba pembeni.

Onesmo aliisoma namba kwa kidole. "Elfu moja mia nane sitini na tatu. Sokoni ulisema tera mbili. Tera mbili si jibi elfu mbili?"

"Kiwandani wanahesabu vyao, kompyuta inahesabu vyake. Ndiyo ilivyo."

"Jibi mia na thelathini na saba zimeenda wapi?"

"Hazijaenda, hazikuwepo."

Onesmo akageuza shingo taratibu kumtazama Amosi. Mzee akainua nyusi. "Unanitazama nini? Nimezila mimi?"

"Sijasema."

"Shingo yako imesema."

Ikawa hivyo kwa nusu saa. Amosi alitaka chumba kikubwa kwa sababu Wagalu wana nyimbo nyingi: jibi mia tatu na tisini, Wagika mia tatu hamsini na tano. Onesmo alisema nyingi si nzuri, mbu nao ni wengi. Sesilia akatoa mia nane kwa mia nane. Wakakubali, wakagundua kwamba kwenye upau vyumba vyao vitagusana. Hapana. Ukuta mmoja wa kuegemeana hawautaki. Dawa hupita kwenye nyufa. Basi harusi na kwaya zikae katikati, maharusi wawe uchochoro. Halafu nani akae kushoto? Kushoto ndiko upau unakoanzia, na anayeanza ni mkubwa. Wakakumbushana walivyokaa uwanjani mwaka jana, wakabishana jua lilikuwa wapi.

Sesilia alijua kitu kimoja ambacho hakukisema. Ukuta ule haukuwepo. Ndani ya kile kiboksi kulikuwa na sahani zile zile zinazozunguka, na sindano ile ile inayosoma Wagika na Wagalu bila kuuliza ukoo. Kugawa kulikuwa ni kuandika tu mahali kwamba hapa ni kwa fulani. Lakini ukishaona wanaume wawili wanatoka jasho kwa ajili ya mstari wa bluu kwenye kioo, hutamani kuwa wewe wa kuwaambia mstari ni rangi.

Akagawa. WAGIKA. HARUSI. WAGALU. Vyumba vitatu vikatokea, Amosi akaitikia kwa kichwa, Onesmo akaitikia kwa kichwa. Sesilia akachomeka diski ya zamani.

Ilinguruma. Ikasita. Ikaamka. Folda zote zikajitokeza kwenye kioo na moyo wake ukarudi mahali pake.

"Tunaanza na nani?" aliuliza, na papo hapo akatamani aumeze ulimi.

"Hakuna kuanza na mtu," Onesmo alisema. "Ngoma zinaanza pamoja. Ndiyo desturi."

"Pamoja," alisema Amosi. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile wanakubaliana bila kuvutana, na labda ndiyo maana Sesilia hakufikiri. Miaka tisa juu ya paa la toyo ilimfundisha kwamba anayetangulizwa amependelewa. Akaiambia kompyuta ikopi folda ya Wagalu kwenda chumba cha Wagalu, na hapohapo, kabla hajashusha pumzi, ikopi folda ya Wagika kwenda chumba cha Wagika. Vidirisha viwili vikafunguka bega kwa bega, kila kimoja na mstari wake wa kijani.

Wote wawili wakavuta viti.

"Sisi asilimia moja," Onesmo alisema.

"Na sisi."

"Mbili."

"Sisi mbili na kitu, hebu tazama ule mstari ulivyo."

"Mama Davis, unamsukuma wa mjomba wako!"

"Sijagusa kitu, kaka. Mikono yangu hii hapa."

Wagalu wakafika tatu. Amosi akapiga paja. Onesmo akaanza kuisogelea kompyuta kana kwamba anaweza kuiimbia. Hakuna aliyekuwa anatazama namba ndogo za chini ila Sesilia. Mwendo ulianza sitini, ukashuka tisa, ukashuka mbili. Kiboksi kilikuwa kinatetemeka mezani. Akaweka kiganja juu yake. Kilikuwa cha moto kama chapati.

Tik.

Wote watatu wakageukia kiboksi.

Tik. Tik. Tik-tik-tik-tik. Mistari ya kijani ikaganda. Kisha folda zote za miaka tisa zikatoweka kwenye kioo, kwa mkupuo, kama kuku waliosikia mwewe.

*

"Umefanya nini?" Gregory aliuliza kwenye simu. Sesilia alikuwa ameiweka spika, juu ya meza.

"Nimekopi zote mbili."

"Pamoja?"

"Ndiyo."

Fundi akazungumza polepole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko angefoka. "Mama Davis, ndani mle sindano ni moja. Umemtuma mgonjwa mmoja visima viwili kwa wakati mmoja. Akichota hapa unamwita kule. Nani alikushauri?"

Sesilia akawatazama washauri. Mmoja alikuwa anasoma bango la kwaya ukutani, mwingine anachunguza viatu vyake.

"Tuiweke kwenye friji la soda?" Onesmo alipendekeza.

"Nani huyo? Msithubutu! Itatoka jasho ndani, mtaimaliza! Chomoa, iache ipoe yenyewe saa nzima, feni iielekee. Halafu ukiiwasha, faili moja moja, lile la maana kuliko yote ndilo la kwanza. Na usitegemee kama kuna mara nyingine. Umenielewa?"

Alielewa. Akachomoa, akaielekezea feni, akakaa chini. Bati lilikuwa linalia kwa jua. Nje mtu alikuwa ananadi majembe kwa kipaza sauti.

Onesmo ndiye aliyeanza. "Ilikuwa inakwenda vizuri mpaka mzee alipopiga paja."

"Rudia."

"Tangu umeingia mkono wako haujatoka mfukoni. Watu wenye heshima zao hawakai na koti kwenye joto hili. Toa mkono, mzee."

"Nikitoa utafanya nini?"

"Toa tuone."

Amosi akatoa mkono, taratibu, macho yake hayapepesi. Kulikuwa na kikopo cha ugoro. Akakifungua, akamsogezea Onesmo puani. "Nusa. Ukiona ni dawa, uniroge nayo." Onesmo alirudisha kichwa nyuma akapiga chafya, mara moja, mbili, na kwa hasira akaifuta pua kwa mkono. Siku nyingine Sesilia angecheka mpaka akae. Leo alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Nisikilizeni," alisema. "Ikiamka, la kwanza ni la manju Makoye. Jumamosi ni keshokutwa. Nyimbo nyingine zipo kwenye memori kadi za watu, tutaomba moja moja. Lile halipo kokote."

"Sawa kabisa," Amosi alisema. "Liingie chumbani kwetu."

"Si sawa," Onesmo alisema. "Wagalu watangulie kuingia? Kabla hata ngoma haijapigwa? Nikitoka hapa niwaambie nini watu wangu?"

"Waambie kuna maiti, na maiti hupishwa," alisema Amosi.

Onesmo akarudi nyuma hatua moja. Lakini shingo yake ilibaki imekaza, na Sesilia, ambaye miaka tisa amekuwa akisoma watu kupitia kioo kidogo cha kamera, aliona kwamba hilo la kutangulia halikuwa jambo lenyewe. Kuna kitu kingine alikuwa anakizungukia.

"Tena faili lile si la Wagalu," Onesmo akaongeza. "Si ulikuwa unageuza kamera? Dakika tatu, dakika tatu? Basi na sisi tumo. Ngoma zetu, watu wetu. Likiingia chumba chao, tumefungiwa ndani kwao. Liwekwe kwetu."

"Ndugu yangu alale kwenu?" Amosi alisimama.

"Basi likatwe! Vya kwao kwao, vya kwetu kwetu!"

"Kulikata ni lazima lisomwe mwanzo mpaka mwisho, na vipande ni kumi na vinne," Sesilia alisema. "Diski ile haina pumzi hiyo."

"Basi lisiende kokote."

Alilisema haraka mno. Hata yeye alijisikia.

Sesilia akageukia kompyuta. Feni ilikuwa inavuma. Alitazama mstari wake mzuri wa bluu: vyumba vitatu, jasho la nusu saa, na ndani ya viwili tayari kuna vipande vya asilimia mbili na tatu. Kitu cha maana kuliko vyote alivyowahi kupiga picha hakikuwa na chumba cha kuingia. Angeweza kukisukuma kwenye harusi, katikati ya keki na wapambe, na angekuwa amewadanganya wote wawili kwa adabu. Akasogeza kishale juu ya WAGALU. Akabonyeza. Kompyuta ikamwonya kwamba vyote vilivyomo vitapotea, je ana uhakika?

"Unafanya nini?" Amosi aliuliza.

"Nabomoa."

Akabonyeza ndiyo. Akabomoa HARUSI. Akabomoa WAGIKA. Upau ukarudi mrefu na mtupu, na kabla mtu hajapata la kusema akaufanya chumba kimoja tu, kikubwa, hakina jina.

"Mama Davis!"

"Uwanjani huwa nina kamera ngapi? Moja. Kadi ngapi? Moja. Mmelala humo pamoja miaka tisa na hakuna aliyezaa wala aliyekufa kwa hilo. Sitagawa. Anayetaka ukuta akanunue diski yake ajenge."

Onesmo alifika mezani kwa hatua mbili. Alishika waya wa diski ya zamani, ule uliokuwa unangoja kuchomekwa, akauzungushia mkononi. "Haichomekwi. Mpaka tukubaliane."

Amosi naye akasogea. Chumba kilikuwa kidogo, na wanaume wawili wenye vifua vya kuimbia walikuwa wamekijaza. Sesilia hakunyanyuka.

"Uchukue," alimwambia Onesmo. Sauti aliishusha badala ya kuipandisha, na soko lote lingejua hiyo si kawaida yake. "Uchukue waya, kaka, uondoke nao. Ila upite mlango huu huu, mbele ya soko zima, na Jumamosi Wagalu wakitundika shuka tupu mimi nitasema waya uko wapi. Hapo utakuwa Makoye umemuua mara ya pili, na safari hii hakutakuwa na malaria ya kusingizia."

Onesmo alikuwa anapumua kwa mdomo.

Kisha akaufungua waya mkononi, mzunguko mmoja, mwingine, akauweka mezani. Alikwenda kusimama mlangoni akiwapa mgongo.

*

Diski iliamka walipojaribu mara ya tatu. Mara mbili za kwanza iligonga tu, na kila ilipogonga Amosi alikuwa anasema neno la Kisukuma chini ya pumzi, ambalo Sesilia alilijua ni jina la kaka yake la utotoni. Ya tatu ikanguruma, folda zikatokea, na hakusubiri. Faili moja. Kopi. Pesti.

Asilimia nne. Kumi na moja. Hakuna aliyehesabu kwa sauti safari hii. Thelathini. Sesilia alikuwa ameweka kiganja juu ya kiboksi, ingawa kiganja hakisaidii kitu, ni kama kumshika mkono mama anayejifungua. Hamsini na nane. Sitini na tisa. Sabini na moja.

Tik.

Mstari ukasimama.

"Mayu," Amosi alinong'ona.

"Kimya, baba."

Tik. Namba ya chini ikasoma sifuri. Jasho lilimshuka Sesilia kwenye nyusi likaingia jichoni, hakulifuta. Onesmo alikuwa amegeuka mlangoni. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajui aombe nini. Sifuri. Sifuri. Mnadi majembe nje akasema bei ya mwisho, akaisema tena. Kisha kutoka ndani ya kiboksi ikatoka sauti ndogo, kama mtu anayejigeuza kitandani, na namba ikasoma nane. Sabini na mbili. Sabini na tano. Themanini.

Ilipofika mia kidirisha kikajifunga chenyewe, bila sherehe. Sesilia alilaza kichwa juu ya meza, akakaa hivyo kidogo. Halafu akainuka, akaamuru folda nyingine zifuate moja moja kwa tarehe, msimu kwa msimu, yeyote awe yeyote.

"Nionyeshe," Amosi alisema.

Akamfungulia nakala mpya. Vumbi, jua la saa tisa, na Makoye katikati, ngozi ya nyani kichwani, mkono umenyanyuka. Hakuwa anaruka kama vijana. Alikuwa anatembea tu, na watu walikuwa wanatembea naye bila kujua. Amosi alisogeza kiti mpaka pua yake karibu iguse kioo. Dakika tatu zikaisha, kamera ikageuka: uwanja wa Wagika, watu wameanza kupungua. Ikarudi. Ikageuka: mapengo, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Ikarudi, ikageuka tena, ikarudi kwa Makoye. Ilikuwa dakika ya ishirini na moja.

"Simamisha," Amosi alisema.

Alisimamisha. Kwenye mstari wa mbele kabisa wa watazamaji wa Wagalu, kati ya wanawake na watoto, alisimama mwanaume mwenye shingo kama nguzo. Shanga za Wagika zilikuwa bado kifuani, fimbo za ngoma mkononi. Mdomo uko wazi. Hakuwa anapeleleza, mpelelezi haachi mdomo hivyo. Alikuwa amesahau yeye ni nani.

Hapo ndipo Sesilia alipoelewa asubuhi nzima. Manju aliyeikimbia ngoma yake mwenyewe ikiwa inapigwa. Wagika wangemvua shanga hizo siku hiyo hiyo ya Jumamosi, mbele ya shuka.

"Nilikuwa nakwenda kunywa maji," Onesmo alisema kutoka mlangoni.

"Maji yalikuwa upande wenu," alisema Amosi bila kugeuka.

Onesmo akamsogelea Sesilia. "Mama Davis. Kipande hicho tu. Sekunde kumi. Ukate."

"Sikati, kaka. Nikikata chako leo, kesho nitakata cha nani? Miaka tisa sijakata mtu."

"Watanimaliza."

"Najua."

Aliposema hivyo ilimuuma, kwa sababu alikuwa anajua kweli. Onesmo alimtazama Amosi sasa, na haukuwa mtazamo wa asubuhi. Mzee alikuwa bado anamtazama yule wa kwenye kioo, yule mwenye mdomo wazi. Alitoa kikopo chake, akanusa, akakifunga, akachukua muda wake wote.

"Jumamosi," alisema hatimaye, "nitawaonyesha watu mpaka dakika ya ishirini. Watakuwa wameshalia vya kutosha. Shuka lenyewe la kuazima." Akasimama, akajifunga koti. "Ndugu yangu alishinda siku ile watu wakiona. Hanihitaji mimi nimwongezee. Ila faili lisiguswe. Mayu, wabeja sana, asante." Akapita mlangoni. Onesmo alimpisha.

*

Diski ya zamani iliendelea kutoa mpaka msimu wa sita, ikafa katikati ya wimbo, na haikuamka tena hata kwa Gregory. Wagika walipoteza misimu mitatu, Wagalu mitatu hiyo hiyo, na hadi leo kila upande unaamini mwenzake ndiye aliyepona. Sesilia alizunguka vijijini wiki mbili akiomba memori kadi za watu, akaokota nyimbo moja moja, akaziweka zote mle mle. Diski ya pili, ya kuweka nakala, aliinunua kabla ya harusi iliyofuata.

Lakini Ijumaa ile, kesho yake tu, mchana kweupe, Onesmo alikuja. Alikuwa ameshika fleshi ndogo nyekundu, amekunja vidole kama mtu aliyeficha ugoro.

"Niwekee."

"Ipi?"

"Unaijua."

Sesilia akaichomeka. Aliuliza bila kumtazama, ili amrahisishie. "Niishie dakika ya ishirini?"

Onesmo alitazama nje, kwenye soko. Muuza dawa za mifugo alimsalimia, akaitikia.

"Yote," alisema. "Mpaka mwisho. Na mimi nimo."